Tafuta Maana ya Pikiniki

Sufiani karudi na daftari,
kazi ya nyumbani, mstari mmoja kwa kalamu nyekundu:
tafuta maana ya neno pikiniki, na lilikotoka.
Ijumaa wanakwenda Galanosi,
kwenye maji ya moto yanayonuka yai viza,
na kila mtoto aje na chakula chake.

Kamuulize babu yako, nikamwambia.
Mzee Shekalaghe alikata mkonge miaka ishirini na miwili.
Yupo barazani, Barabara ya Kumi na Saba,
anasugua kidole kilichobaki nusu.
"Kula nje? Mimi nimekula nje umri wangu wote,
ugali umepoa juu ya jani, siafu wanakula mguu.
Hakuna aliyeniambia kuwa ile ni pikiniki."
Akaingia ndani.
Mtoto akaliandika jibu, kisha akalifuta.

Mie nikafungua kamusi.
Inasema neno ni la Wafaransa.
Nusu ya kwanza ni kudonoa, kama kuku kwenye pumba;
nusu ya pili ni kitu kidogo, kisicho na thamani,
au pengine imewekwa kwa ajili ya mlio tu,
kama sisi na chapuchapu yetu.
Na zamani hawakwenda hata nje!
Walikula ndani, chini ya dari,
ila kila mtu alikuja na chake mkononi
au alilipa sehemu yake.
Nyasi zilikuja baadaye. Kikapu kilikuja baadaye.

Nikacheka peke yangu jikoni.
Kuzunguka kote huko, na bibi zetu wanalo:
kula bia.
(Usicheke, Sufiani, si ile ya chupa.
Hii ndiyo iliyozaa ubia:
wewe unga, yeye nazi, mimi kuni.)
Na lina ndugu yake, kikoa,
leo kwangu, kesho kwako, wala hakuna anayeandika deni.
Mkivitoa vyungu nje ya mji, basi ni mandari,
na wapo wanaosema limetokana na mandhari,
maana aliyeshiba hutazama mbali.
Sijui. Napenda iwe hivyo.

Ila kuna maana moja haimo kwenye kamusi
na sijapata kumwambia mtu.

Mwaka ule kiwanda kilipofungwa
wanawake wa mtaa walipanga mandari ya Raskazone.
Mama hakusema hatuna.
Alichukua sufuria kubwa, akaifunika,
akaifunga kwa kanga, mafundo mawili,
akanitwika. "Tembea kama nzito."
Nikatembea kama nzito,
kutoka Ngamiani mpaka ufukweni,
shingo inaniuma kwa kubeba upepo.

Wenzetu wakafungua: samaki wa kupaka,
mikate ya kumimina, badia,
machungwa ya Muheza yaliyomenywa tayari.
Bi Mwanamvua akaja kwenye yetu.
Akalegeza fundo. Akachungulia.
Nikaangalia kucha zangu.
Akafunga tena, akakaza kuliko mama,
akasema kwa sauti ya kusikika:
"Hii tuiache kwanza. Bado ni moto."

Tukala. Nilikula hadi tumbo likawa ngoma.
Jua lilipopinda nikatwikwa sufuria yangu
na safari hii sikuigiza.
Sikuona nani aliweka nini.
Nyumbani mama akatoa pande la samaki,
akatoa mkate, machungwa matano,
halafu akakaa chini na ile kanga,
akaikunja, akaikunjua, akaikunja.

Sufiani anasubiri, penseli mdomoni.
Nikamwandikia: chakula ambacho kila mtu huja nacho.
Nikafuta kila mtu.
Nikafuta chakula.
"Andika: ni kwenda na sufuria."
"Sufuria ya nini?"
"Andika sufuria tu.
Mwalimu akikuuliza ina nini ndani,
mwambie bado ni moto."